Kambere Yupi

Jioni ile ya Alhamisi nilikuwa nimepanda pikipiki kuelekea Kibati, kutafuta freni, yaani breki, za gari la mtu niliyemtakia ajali.

Soma tena ukitaka. Sijakosea kuandika.

Mimi ni fundi wa magari pale Birere, mjini Goma. Naitwa Kambere Jephté. Mwenye gari aliitwa Kambere Donat. Hatukuwa ndugu. Kwetu Wanande jina la kwanza si jina, ni namba ya foleni: mtoto wa kiume wa pili akitoka tumboni anaitwa Kambere, basi, hakuna mjadala. Simama katikati ya soko la Birere uite "Kambere", watageuka wanaume sitini, pamoja na mbuzi mmoja ambaye mwenye mali alichoka kufikiria jina.

Mimi na Donat tulitoka Butembo juu ya lori moja, tungali vijana, tumekalia magunia yale yale ya maharagwe. Tulipofika Goma yeye aliteremka upande wa kulia, akawa mfanyabiashara wa vitenge. Mimi nikateremka wa kushoto, nikaingia chini ya magari, na sijatoka mpaka leo. Nywele zake zilibaki. Zangu ziliomba ruhusa zikaenda. Hayo yote nilimsamehe.

Nisichomsamehe ni Charline.

Charline alikuwa mjane mwenye malewa mbele ya garaji yangu: meza mbili, benchi tatu, sufuria ya maharagwe na sufuria ya sombe. Kwa miaka miwili nilikula pale mchana na jioni. Nilikula hata siku nilizokuwa nimeshiba. Kila siku nilimletea mzaha mpya, na Charline akicheka hushika ukingo wa meza kwa mikono miwili, kama sakafu imemponyoka. Vicheko vile niliviweka moyoni kama mtu anayeweka mahari kidogo kidogo. Nikajiambia, Jephté, usiharakishe, mambo yaive yenyewe.

Donat alikuja mara moja tu. Kwa gari jekundu.

Lilikuwa Triumph, gari la Kiingereza la viti viwili, halina paa, usukani uko kulia, fupi kama kiatu. Mzungu mmoja wa kahawa aliliacha kule Rutshuru miaka ya uhuru, akalifunika kwa majani ya migomba, akasema anakwenda kwao kwa muda mfupi. Ule muda mfupi haujaisha. Kuku walitaga juu ya viti vyake miaka arobaini. Donat akalinunua, akalipaka rangi, akamkalisha Charline ndani, akamzungusha mpaka ziwani kwa mwendo wa jeneza, kwa sababu freni hazikuwamo kabisa. Ili kusimama, aliligongesha polepole kwenye lundo la mawe ya volkano mbele ya garaji yangu.

Charline alicheka. Alishika ukingo wa mlango kwa mikono miwili.

Mimi niliona yote kutoka chini ya Toyota ya watu. Kitu kikanichoma hapa, chini kidogo ya kifua, na tone la mafuta likaniangukia jichoni. Mpaka leo nasema ni mafuta.

Baada ya wiki chache ndoa ikatangazwa. Jumamosi. Donat akaja garajini akaniita ndugu, akaniomba nimtafutie freni, maana arusi lazima iende na gari lile. Nikamwambia haina shida, ndugu. Mdomo wangu siku zote umekuwa na adabu kuliko mimi.

Kilichokuwa kimekufa ni maître-cylindre, ile pampu ndogo iliyo mbele ya pedali, inayosukuma mafuta mpaka kwenye magurudumu. Zamani mtu fulani alimimina humo mafuta ya injini, na mipira ya ndani ikavimba kama mandazi. Ukikanyaga pedali inazama mpaka sakafuni, na gari linaendelea na safari yake kama vile hukusema neno. Ya Toyota ungeipata hata kwa muuza ndizi. Lakini ya Mwingereza? Mwingereza alipima nati zake kwa inchi. Sisi Goma nzima tunaishi kwa milimita. Nilijaribu ya lori, ya pikipiki, ya gari la marehemu daktari. Kila moja ilikaribia kuingia, ikakataa kwa unene wa unywele. Rafiki wa Kampala aliipata moja, akaipakia kwenye lori, na lori likakwama Rutshuru, kwa sababu ilikuwa mwezi wa kumi wa 2008 na vita vilikuwa vinateremka kwa barabara ile ile.

Aliyenitajia Kibati ni Mirindi, muuza vyuma vikuukuu. Alivuta mkono wangu mpaka nyuma ya kibanda chake, akaangalia huku na huku.

"Iko mama mumoja kule, nyuma ya kambi ya wakimbizi," alisema kwa sauti ya chini. "Piesi yote ya gari unakosa, yeye iko nayo. Lakini Jephté... usimufanyie mizaha."

Nikaenda.

Kibati jioni ile ilikuwa moshi mtupu. Mahema meupe yalipandana juu ya mawe meusi mpaka macho yanachoka, na kila hema lilikuwa na moto wake mdogo na kikohozi chake. Motari wa pikipiki alinishusha kandokando ya barabara, akasema hangojei mutu pale, akageuza. Nikapita katikati ya kambi, nikauliza, watu wakanionyesha kwa kidevu. Hakuna aliyenyosha mkono.

Nyuma ya hema la mwisho sauti za kambi zilikatika ghafla, kama mlango umefungwa.

Kwanza niliisikia harufu. Harufu ya freni zilizoungua, ile inayobaki hewani lori likiteremka mlima mrefu limebeba mbao. Nikaangalia. Hapakuwa na lori. Hapakuwa hata na njia ya lori.

Kisha sauti. Ti... ti... ti... Kama chuma kinachopoa.

Mama alikuwa amekaa juu ya jiwe, kitenge mabegani, wala si mzee wala si kijana. Ukinitaka nikueleze uso wake nitashindwa. Kila nikiukumbuka unakuwa wa mtu mwingine. Mbele yake, juu ya lava, alikuwa ametandika bidhaa zake kwa mistari iliyonyooka. Pampu. Mipira. Mabomba. Vyuma vya kubana magurudumu. Vyote safi, vyote vimepakwa mafuta. Mistari ile ilikwenda mbali mpaka gizani, nami fundi wa miaka ishirini na tano nilichukua muda mrefu kuona kilichokuwa si cha kawaida.

Hapakuwa na taa hata moja. Hapakuwa na injini, wala kioo, wala gurudumu.

Freni tu.

Na kila freni ilikuwa imefungwa kipande cha katoni kwa uzi, na kwenye katoni jina la mtu.

Aliniuliza natafuta nini. Aliniuliza kwa Kinande, tena si Kinande cha misa: cha kijiji chetu, kinachopitia puani kidogo, na kwa sauti ya mama yangu ambaye nilimzika mimi mwenyewe. Mirindi aliniambia baadaye kwamba kwake mama yule alisema Kimashi, lugha ya kwao, na kwamba alipotoka pale alilia bila kujua kwa nini.

Nilitaja gari. Hakuuliza la mwaka gani. Aliingiza mkono kwenye mstari wa tatu akatoa boksi dogo la karatasi, lenye maandishi ya Kiingereza, jipya, halina vumbi. Nikalifungua. Maître-cylindre. Nilipima tundu lake kwa kidole, na kidole changu kikajua.

"Zote hizi ulizitoa wapi, mama?"

"Mwaka ya tisini na ine wakimbizi walipita hapa," alisema. "Tisini na sita wakapita tena. Na leo, si unawaona? Mutu akikimbia, kitu cha kwanza anatupa ni kile kinamusimamisha."

Nikauliza bei. Akatikisa kichwa.

"Haiuzwi. Hii ni ya rechange. Freni inatoka, freni inaingia." Akachukua kipande cha katoni na kaa la moto lililozimika. "Ya nani?"

Sasa usije ukasema sikuelewa. Ningeweza kukuambia hivyo, nami najua kudanganya vizuri, lakini nilielewa. Mgongo wangu ulielewa kabla ya masikio. Ningeweza kuliweka boksi chini nikarudi kula maharagwe yangu. Lakini nilimwona Charline ameshika ukingo wa ule mlango mwekundu. Nikamwona Jumamosi, nguo nyeupe, upepo. Nikajiona mimi, na kopo la mafuta mkononi, napiga makofi pamoja na watu wengine.

"Kambere," nikasema.

Aliandika herufi moja moja, bila haraka. Kisha akaninyooshea boksi.

"Inatosha," alisema.

Nilirudi barabarani nikakuta kambi imebadilika. Upande wa kaskazini kulikuwa kumesikika milio ya bunduki, na watu walikuwa wanakunja mahema, wanafunga sufuria ndani ya mablanketi, wanaanza kuteremka Goma kwa miguu. Nami nikateremka nao, boksi ndani ya koti. Ni nyayo tu na watoto migongoni. Nilikuwa karibu kufurahi. Nilianza hata kutunga mzaha wa kumfariji Charline.

Mbele yangu alikuwapo mzee mmoja aliyebeba godoro kichwani. Nyuma yake mke wake, amechoka, viatu mkononi. Alikuwa anamwita.

"Kambere. Simama kidogo, baba. Kambere."

Mzee hakusimama.

"Kambere, pumuzika. Mimi sitafika."

Mzee alijibu bila kugeuka, kwa sauti ya mtu anayeona haya mbele za watu.

"Haikubali," alisema. "Miguu haikubali."

Akaenda. Mwendo ule ule, haongezi, hapunguzi. Aliwapita wote. Godoro lake likaonekana juu ya vichwa kwa muda, kisha halikuonekana. Mke wake akakaa juu ya jiwe, viatu mapajani.

Hapo ndipo nilipoelewa. Sikuwa nimesema Kambere yupi.

Nilisimama papo hapo, kujipima. Nikasimama vizuri. Nikatembea hatua kumi, nikasimama tena. Vizuri. Kumi nyingine. Watu walinipita wakiniangalia kama mlevi. Nilifika Birere kwa namna hiyo, nikisimama kila hatua kumi kama basi lililokosa abiria, na kila niliposimama nilisema asante, sijui kwa nani.

Ijumaa asubuhi niliifunga. Nati za inchi ziliingia kwa mkono mtupu, bila ufunguo. Nikatoa hewa kwenye mabomba, nikajaza mafuta, nikakanyaga pedali. Ndugu yangu... sijawahi kukanyaga freni nzuri vile. Ngumu, tulivu. Nililiendesha gari mpaka mwisho wa barabara, nikagusa tu, likasimama kama mtu aliyesikia jina lake.

Mchana Charline alileta sahani yangu, akakaa mbele yangu na habari. Kule Lac Vert, kandokando ya ziwa, kulikuwa na mwalimu mmoja. Asubuhi hiyo alitoka darasani kwake akaenda zake, wanafunzi wanamfuata wakidhani ni somo. Aliingia majini akitembea. Maji yakafika kiunoni, yakafika shingoni, naye mwendo ule ule. Kofia ndiyo iliyobaki juu. Nilimwuliza jina lake mwalimu, ingawa sikuwa na haja ya kuuliza.

"Kambere fulani," alisema Charline. Kisha akaniangalia. "Leo hauna muzaha?"

Sikuwa nao. Nadhani ni siku hiyo tu katika maisha yangu.

Donat alikuja saa tisa. Alikuwa amenyoa, amevaa suruali na viatu vya arusi ili kuvijaribu, anatoa harufu ya sabuni ya bwana arusi. Alikanyaga pedali mara tatu, akacheka, akanikumbatia na mafuta yangu yote. Akasema alikuwa amefikiri sana, na kwamba shahidi wake kesho kanisani nitakuwa mimi. Kambere wawili, alisema. Lori moja, magunia yale yale.

Kisha akaliona boksi juu ya meza ya vyuma.

Alilichukua. Akaligeuza. Rangi ya uso wake ikaenda polepole, kama maji yanayonywewa na mchanga. Aliufunga mlango wa garaji kwa kisigino.

"Jephté," alisema kwa sauti ndogo. "Ulitaja nani?"

Niliokota kitambaa nikafuta mikono.

"Nilienda kule wiki ilipita," alisema. "Kabla ya kukuomba wewe utafute. Ile mama ilinishikia boksi hii hii. Ikaniuliza, ya nani. Kwa sauti ya mama yangu." Aliligeuza boksi tena. "Nilikuwa nataka kutaja wewe."

Nikamwuliza kwa nini. Kweli sikujua. Yeye mwenye vitenge, mwenye nywele, mwenye gari, mwenye Charline.

"Na mimi Charline anacheka gari," alisema Donat. "Na wewe anacheka wewe. Kila siku ananihadithia ile ulisema. Kila siku, Jephté. Naenda kumuoa na wewe uko kwa mudomo yake." Akaliweka boksi chini kama yai. "Nilifungua kinywa. Nikashindwa. Nikarudi mikono mitupu. Sasa niambie. Ulitaja nani?"

"Kambere," nikasema.

Alingoja. Aliona hakuna kingine kinachokuja. Akakaa juu ya gurudumu, akaiangalia ile suruali yake ya arusi, magoti yake, viatu.

"Kambere yupi?" aliuliza, ingawa alijua.

Tukaafikiana kurudisha. Ilikuwa wazi kwa wote wawili, hata hatukubishana: twende na gari lenyewe mpaka Kibati, tuifungue palepale, aichukue mama mwenye mali, afute jina. Gari litabaki huko huko na liozee huko. Donat aliendesha. Mimi nilikaa kando na funguo zangu mapajani. Barabara nzima ilikuwa inateremka: watu, mbuzi, magodoro, wanajeshi waliotupa kofia. Sisi peke yetu tulikuwa tunapanda, wanaume wawili wa makamo ndani ya gari jekundu lisilo na paa. Hata wakimbizi walitushangaa. Wengine walidhani tumepatwa na wazimu, wakatupisha kwa heshima.

Nyuma ya kambi, mwanga wa volkano ya Nyiragongo ulikuwa umeanza kuonekana chini ya mawingu. Donat alisimamisha gari pale njia ilipokoma.

Mama hakuwapo. Jiwe lake lilikuwapo. Mistari yote ile ya freni ilikuwa imeondoka, na lava ilikuwa kavu, haina hata doa la mafuta. Pale palipokuwa na boksi langu palibaki kipande cha katoni, na uzi wake, na neno moja.

Harufu ile ya kuungua ilikuwa pale pale.

Nilisema tuifungue hata hivyo, tuiache juu ya jiwe. Nilifungua kifuniko cha gari, nikaingiza mkono wa kulia mpaka begani, nikaishika ile pampu kwa ngumi nzima, nikawa natafuta nati ya kwanza kwa kidole. Donat alisimama kando yangu. Ti... ti... ti... Nilidhani ni injini inapoa.

Kisha mtu akaita.

Kule kwenye mawe, mbali. Sauti ya mama yangu, akiniita nije nile kabla chakula hakijapoa. Ninaijua sauti ile kuliko yangu.

*Kambere.*

Mguu wangu wa kushoto uliinuka. Sikuuinua mimi. Ukaenda hatua moja, mwili wangu wote ukaufuata, na bega likanyooka mpaka likauma, maana ngumi ilikuwa bado imeshika pampu na haikuachia. Nilining'inia pale, mguu mmoja hewani, nimeshikwa na kile nilichokishika.

Donat hakuwa ameshika kitu.

Alikuwa ameshaenda hatua tatu. Kiwiliwili chake kilikuwa kimegeuka kwangu na miguu yake ilikuwa inakwenda upande mwingine, kama watu wawili waliofungwa kiuno kimoja. Hakupiga kelele. Alininyoshea mkono. Vidole vilikuwa umbali wa shubiri moja na vyangu.

"Jephté," alisema. "Nipe mukono."

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa mtupu. Ulikuwa huru kabisa.

Ilikuwa sekunde moja. Labda si hata moja. Ndani yake nilimwona Charline, amekaa mbele yangu na sahani, ananiuliza kama leo sina mzaha. Na nikawaza: ananicheka mimi. Donat mwenyewe amesema.

Niliponyosha mkono, ulishika hewa.

Alikwenda kaskazini, juu ya mawe yale makali, kwa viatu vya arusi. Mwendo ule ule. Nilimwita kwa jina la ubatizo, Donat, Donat, na yeye aliendelea kunitazama nyuma, mpaka shingo ikashindwa kugeuka zaidi. Upande ule ndiko milio ilikokuwa inatokea. Nilibaki na ngumi kwenye pampu mpaka sauti ilipoacha kuita. Kisha nikakifunga kifuniko. Sikufungua nati hata moja.

Kanisani Jumamosi nilisema nilichosema: tulikwenda Kibati kujaribu freni, tukakuta mapigano, tukapoteana. Kila neno lilikuwa kweli. Charline alikuwa na nguo nyeupe na mikono yake haikujua pa kukaa. Aliniuliza kitu kimoja tu: kama Donat aliniambia neno la mwisho. Nikamwambia hapana.

Wasimamizi wa kambi walisema watu wengi walipotea wiki ile, na kwamba mtu akitembea katikati ya watu wanaotembea, nani atamtofautisha? Mirindi anasema mwalimu wa Lac Vert alikuwa na madeni ya moyo, huzuni za muda mrefu. Mzee wa godoro huenda alikuwa kiziwi na mkaidi tu. Yawezekana. Mimi ni fundi, napenda maelezo yenye nati.

Lakini vita havikuacha kurudi. Mwaka 2012 vilirudi, na baadaye vikarudi tena, na kila mara watu wanateremka kwa barabara ile na magodoro yao. Na kila mara Charline anaacha sufuria, anakwenda kusimama pale wanapoingia mjini, anaangalia nyuso, anaita. Haiti Donat. Yeye hakuwahi kumwita Donat. Anaita kama alivyokuwa anamwita siku zote.

*Kambere.*

Kutoka kule mpaka garajini kwangu ni mbali, na mimi nasikia. Nilikuwa nimekaa mara ya kwanza, nafungua betri. Nikajikuta barabarani, ufunguo mkononi, mbali na betri, na sikumbuki kuinuka. Nilishika mlingoti wa umeme kwa mikono miwili mpaka alipoacha kuita. Watu walicheka, wakadhani ni moja ya vichekesho vyangu.

Tangu siku hiyo, vita vikikaribia, naingia ndani ya lile gari jekundu, ambalo hakuna aliyelidai, naweka mguu juu ya pedali na kuikanyaga. Hapo hakuna kinachonisogeza. Nimekaa humo siku nzima wakati mwingine, nakula humo humo. Charline ananiletea sahani, hanicheki, anaiweka juu ya mlango. Baadhi ya jioni anakaa kiti cha pili, kimya. Nami nimeshukuru kwa hilo. Nimeona ni karibu kutosha.

Lakini mpira ni mpira. Unazeeka. Wiki iliyopita nilikanyaga pedali, ikateremka kidogo kuliko kawaida. Juzi ikateremka zaidi. Nimetafuta Birere yote, nimepiga simu Kampala. Hakuna. Mirindi anasema wakimbizi wamejaa tena Kibati, na kwamba nyuma ya hema la mwisho watu wamesikia harufu ya lori.

Na kuna bwana mmoja, Émile, mtu wa Masisi, mpole, anauza jibini. Siku hizi anakula maharagwe kwa Charline, mchana na jioni. Ana vichekesho vibovu sana. Mtu anayejua kazi angeona aibu. Jana nikiwa ndani ya gari, mguu juu ya pedali, nilimsikia Charline anacheka. Niligeuka. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Nilimwita Émile aje tusalimiane. Tuliongea vizuri. Nilimsifia jibini lake. Kisha nikamwuliza, kwa utani tu, jina lake lote, la ubatizo, la baba na la babu.

Akanipa yote matatu. Nikamwomba aniandikie.